Vumbi la mbao, makapi, makumbi au magunzi: taka ipi uchanganye na udongo, Lamu na Malindi?

Anayefinyanga kichujio cha maji, tofali la jiko au mtungi wa kumwagilia bustani anataka udongo ukishachomwa ubaki na vitundu vingi vidogo. Njia iliyozoeleka ni kuukanda udongo pamoja na taka ya mimea iliyosagwa. Motoni taka inaungua na kutoka kama moshi, na kila punje iliyokuwamo inaacha uwazi wake. Pwani yetu ya kaskazini taka hizo hazikosekani. Matondoni na Lamu mjini, chini ya kila benchi la fundi seremala pana vumbi la mbao. Malindi makumbi ya nazi yanarundikwa nyuma ya nyumba mpaka mvua iyaozeshe. Mpeketoni na Hindi, upande wa bara wa Lamu, magunzi ya mahindi yanabaki kila baada ya mavuno, na ukishika njia ya Garsen unakutana na makapi ya mpunga wa bonde la Tana.

Sasa ulibebe gunia lipi? Wengi wanachukua lililo karibu au lile la bure, na nadhani vyombo vingi huharibikia hapo, kabla hata udongo haujalowekwa. Anza na chombo, kisha ndiyo utafute taka inayokifaa. Kwa kichujio cha maji ya kunywa mimi ningechukua vumbi safi la mbao, na makapi ya mpunga pale tu penye mashine ya kuyasaga vizuri. Kwa tofali la jiko ningechukua makumbi bila kusita. Kwa mtungi wa kufukiwa shambani, magunzi yanatosha kabisa. Nitaeleza kwa nini, na kichujio kitachukua nafasi kubwa kwa sababu ndicho chenye hatari kikikosewa.

Kitundu kina kazi gani?

Kichujio cha chungu kinachotumika leo katika nchi nyingi kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Dk. Fernando Mazariegos. Baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, mfinyanzi Ron Rivera wa shirika la Potters for Peace alikieneza kutoka Nikaragua kwenda mabara mengine. Ni chungu chenye umbo la ndoo, kinachoning'inia ndani ya ndoo ya plastiki yenye bomba. Maji unayomimina juu yanapenya ukutani taratibu, kiasi cha lita 1 hadi 3 kwa saa. Yakipita kwa kasi kuliko hapo, chungu kina ufa au vitundu vimeungana. Yakipita polepole mno, watu wa nyumbani wanachoka kusubiri na kurudia maji yaleyale ya awali.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi ni kwamba mashimo yaliyoachwa na taka si yanayozuia vijidudu. Punje ya nusu milimita inaacha shimo la nusu milimita. Bakteria wa kinyesi, kama E. koli, ana urefu wa maikroni 1 hadi 2, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwake yeye shimo hilo ni uwanja. Anayemzuia ni udongo wenyewe uliobaki katikati ya shimo na shimo, ambao vinyweleo vyake ni vyembamba mno na vinapindapinda. Mashimo ya taka yanafupisha safari ya maji ndani ya ukuta, basi. Bila mashimo hayo, maji yangechukua siku nzima kupenya. Lakini mashimo mawili au matatu yakigusana na kuunga njia moja kutoka ndani hadi nje, bakteria wanapita humo bila kizuizi.

Kwa hiyo taka ya kichujio lazima iwe na punje fupi, zenye ukubwa unaokaribiana, zilizosambaa sawasawa. Nyuzi ndefu ni adui. Mchanganyiko wa punje kubwa na ndogo nao ni adui. Ukishika hilo, nusu ya uchaguzi umekwisha kuufanya.

Kichujio kina mipaka yake, na ni haki mnunuzi aijue. Virusi ni wadogo kuliko vinyweleo, wengi wao hupenya. Chumvi haitoki kabisa, maana imeyeyuka ndani ya maji. Kwa hiyo mwenye kisima kilichoingiwa na chumvi, jambo la kawaida katika visiwa vya Lamu, asiuziwe kichujio kwa ahadi kwamba maji yatakuwa matamu. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye jabia, yaani birika la kukingia mvua, kama wanavyofanya Pate, ndiyo yanayofaidika: hayana chumvi, lakini yameoshea paa na kinyesi cha ndege.

Tofali la ndani ya jiko ni habari nyingine. Hapo unatafuta hewa iliyotulia ndani ya udongo ili joto lisikimbilie nje, na ukubwa wa shimo si hoja sana maadamu tofali halivunjiki likiwekewa sufuria ya pilau. Mtungi wa bustani unataka kuvuja taratibu ndani ya ardhi, na mchanga wa Malindi unaonyonya maji upesi unauhitaji hasa. Mtungi wa kupozea maji nao unavuja ili maji yakauke kwenye ngozi yake na kuondoka na joto. Ila kwa unyevu wa hewa yetu usitarajie maji ya baridi kama ya nchi kavu. Wakati wa kaskazi, upepo ukivuma na hewa ikiwa kavu kidogo, ndipo utakapoona faida.

Kabla ya taka, pima udongo

Ardhi yetu imekaa juu ya matumbawe. Chukua donge kavu la udongo, lisage, limiminie siki. Likitoa povu lina chokaa. Chokaa ikipata joto la nyuzi 700 hadi 900 inageuka chokaa hai, ileile inayotoka kwenye matanuri ya matumbawe, na baada ya siku chache inanyonya unyevu, inavimba na kubandua vipande vya ukuta wa chungu. Hakuna taka ya mimea itakayokuokoa na hilo. Tope jekundu linaloletwa na mto Sabaki, na udongo wa mabondeni mbali na ufuo, ndio wa kuanza kujaribu. Mchanga wa pwani usiutie kabisa, una maganda ya viumbe wa baharini, yaani chokaa tupu. Wafinyanzi wa zamani katika nchi nyingi walikanda udongo wenye chokaa kwa maji ya bahari, kwa kuwa chumvi hupunguza kupasuka. Kwa chungu cha kupikia hilo linafaa. Kwa kichujio siwezi kulipendekeza, kwa sababu chumvi hutoka juu ya ukuta na kuufanyia ukoko.

Vumbi la mbao dhidi ya makapi ya mpunga

Hizi ndizo taka mbili zinazotumika zaidi kwenye vichujio, na zinatofautiana kuanzia gunia hadi jivu.

Vumbi la mbao ukilipata kwa fundi mwenye msumeno wa umeme linakuja tayari limesagika. Unalikausha, unalichekecha kwa wavu wenye macho ya nusu milimita hivi, basi. Wavu wa mbu wa dirishani ni mpana mno, macho yake yanapita milimita moja. Utumie kwa mchujo wa kwanza tu, kutoa vipande na misumari. Likiungua linabakisha jivu dogo sana, kwa hiyo shimo linabaki safi na udongo haubadiliki tabia.

Tatizo la vumbi la mbao ni asili yake. Gunia moja la karakana linaweza kuwa na msaji, mwembe, mbambakofi, mwarobaini na mvule kwa pamoja, na kila mti una uzito wake, kwa hiyo kopo la leo halilingani na kopo la wiki ijayo. Ukiweza, mwombe fundi akuwekee la mti mmoja. Anayechonga milango au kutengeneza vitanda hutumia mti uleule kwa muda mrefu. Mvule una jambo lake la ajabu: ndani ya mbao yake huota vijiwe vigumu vya chokaa, na hivyo navyo vinaweza kupasua ukuta. Chekeche nzuri hutoa vile vikubwa. Vumbi la miti hii migumu pia huwasha macho na kifua, ziba pua unapolichekecha.

Maranda, yale yanayokunjamana kutoka kwenye randa, na vibanzi vya tezo wanavyoacha mafundi wa majahazi wa Matondoni, si vumbi. Ni vipande virefu vyembamba, na kwenye kichujio vitaacha nyufa. Zaidi ya hapo, chini ya jahazi linalokarabatiwa pana sifa (mafuta ya samaki ya kupaka chombo), rangi ya zamani na mabaki ya kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya ya mbao. Rangi za kuzuia viumbe kwenye mkuku wa chombo hutiwa shaba na sumu nyingine. Usichukue kitu hapo kwa ajili ya chombo cha maji ya kunywa. Hali kadhalika mbao za nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki na kromu, na moto hauziondoi. Mbao za kubandikwa kwa gundi ziache pia.

Makapi ya mpunga yana sifa ambayo mbao hazina: yanafanana. Gunia la kinu kimoja ni la zao moja, unyevu mmoja, umbo moja, na kopo lako litakuwa lilelile mwezi hadi mwezi. Kambodia wanatengeneza vichujio vyao kwa makapi hayo, kiasi cha kilo 9 hadi 10 za makapi yaliyosagwa kwa kila kilo 30 za udongo. Makapi yakiungua yanabakisha jivu jingi, karibu sehemu ya tano ya uzito wake, na jivu hilo karibu lote ni silika. Kwa hiyo ndani ya kila shimo kunabaki kiunzi chembamba cheupe. Ukivunja kigae cha makapi na kukitazama juani unakiona, kama unga uliogandia kwenye kuta za tundu.

Silika hiyohiyo ndiyo inayoleta gharama. Makapi mazima ni vijigamba vyenye urefu wa karibu sentimita moja, na ukiyakandamiza kwenye kalibu yanalala ubavu, moja juu ya jingine, na ukuta unajitenga matabaka. Lazima yasagwe. Mashine ya posho inayasaga, lakini yanakula nyundo na chekeche yake kuliko mahindi yanavyokula, na mwenye mashine mwenye busara atakutoza zaidi au atakataa. Kama atakubali, mashine isafishwe vizuri kabla ya mahindi ya mtu kupita. Ningependa tuambiane hili wazi, kwa sababu unga wa ugali wenye mabaki ya makapi unaliwa na watoto. Na jivu lake: silika ikipata moto mkali inageuka fuwele, na vumbi la fuwele hizo linaumiza mapafu kwa miaka. Usikwangue chungu kikavu kwa msasa bila barakoa. Kilowanishe kwanza.

Halafu kuna safari. Kutoka bonde la Tana hadi Malindi gunia la makapi ni kubwa na jepesi. Unalipia nafasi kwenye gari, na ndani yake uzito ni mchache. Kulivusha Mokowe hadi kisiwani Lamu ni nauli juu ya nauli. Kwa hiyo: uko Lamu, chukua mbao. Uko Malindi na una mtu wa kusaga, jaribu yote mawili, na huenda makapi yakashinda kwa usawa wake. Uko Garsen, sioni sababu ya kuhangaika na mbao.

Makumbi ya nazi

Watu wa Malindi wananiuliza kwanza kuhusu makumbi, na ninaelewa, kwa sababu yamejaa. Ukilipasua kumbi unaona vitu viwili: nyuzi za usumba, karibu theluthi moja ya uzito, na unga wa kahawia uliozishikilia, ambao ndio ulio mwingi. Kwa mfinyanzi hivi ni vitu viwili mbalimbali, na kosa ni kuvisaga pamoja.

Unga wa kumbi unakunywa maji mara kadhaa ya uzito wake. Ukiutia kwenye udongo unalazimika kuongeza maji mpaka udongo ukandike, kisha maji hayo yote yanapaswa kutoka kivulini polepole. Chombo kinasinyaa kuliko kawaida, na wakati wa masika kinaweza kuota ukungu kabla hakijakauka. Pia unga huo una chumvi za potasiamu na kloridi. Potasiamu motoni huulainisha udongo mapema na kuanza kufunga vinyweleo vilevile unavyovitafuta. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yatoe usumba yana chumvi ya bahari juu ya hiyo. Dawa yake ni kuosha kwa maji baridi mara mbili tatu na kukamua. Malindi mwenye maji ya mto ataweza. Kisiwani, ambako ndoo ya maji matamu ina bei, utaona hasara ilipo.

Nyuzi nazo zinaacha vijia virefu. Kwa kichujio, hapana kabisa. Ila zikatakate vipande vya urefu wa ukucha, zitie kwenye udongo wa tofali la jiko, uone maajabu: tofali bichi halipasuki likikauka kwa sababu nyuzi zinalishikilia, na likichomwa linabaki jepesi, limejaa hewa. Jiko la bati lenye ndani ya udongo limeenea Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na sehemu inayokufa mapema ni huo udongo wa ndani. Kitako cha udongo wenye vitundu chini ya sega, yaani sahani yenye matundu inayobeba makaa, kinapunguza joto linaloishia kwenye bati na sakafu. Usizidishe nyuzi tu. Tofali ambalo kona yake inamong'onyoka ukiliparua kwa kidole halitahimili vyungu. Tabaka la kuguswa na makaa lenyewe lifanye zito, na lenye vitundu liwe nyuma yake.

Vifuu ni mbali na makumbi. Ni vigumu mno kusaga, na nguvu utakayotumia hailipi, kwa sababu kifuu kina kazi bora zaidi palepale: ni kuni ya tanuri. Kinawaka kwa moto mkali na jivu lake ni dogo. Mwenye minazi ana tofali na kuni kutoka kwenye nazi moja.

Magunzi, na mengine yanayotajwa

Magunzi yanasagika kirahisi. Wafugaji wanayasaga tayari kwa chakula cha ng'ombe. Gunzi lina moyo laini wa sponji na duara gumu linaloshika punje, na ukisaga unapata ukubwa wa aina mbili. Ndiyo maana silipendi kwa kichujio ila kwa mtu mwenye chekeche na subira. Kwa mtungi wa kufukia ardhini kati ya miche ya mboga, ukubwa wa aina mbili haudhuru. Tia kopo moja la magunzi kwa makopo mawili au matatu ya udongo, choma, jaza maji, na uone kama unatoka jasho ndani ya saa moja. Jihadhari na magunzi yenye ukungu: moto utaumaliza, lakini wewe utakuwa umeshavuta vumbi lake.

Maganda ya mabuyu yanatupwa kwa wingi na wauza pipi za mabuyu. Ni magumu, na jivu lake lina potasiamu nyingi. Yatie kwenye tanuri kama kuni, au yaache.

Maganda ya korosho, hapana. Mafuta yaliyomo yanaunguza ngozi na kuitoa malengelenge, na moshi wake unawasha macho na koo. Sijali ni ya bure kiasi gani.

Mashapo ya kahawa yananivutia kwa sababu yametoka yamesagwa. Mwaka 2005 Tony Flynn wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha kichujio cha udongo na mashapo ya kahawa au majani ya chai yaliyotumika, kilichochomwa kwa samadi ya ng'ombe bila tanuri. Muuza kahawa chungu wa Lamu hatakupa gunia, lakini atakupa ya kutosha vigae vya majaribio.

Na punda je? Mavi ya punda ni nyasi zilizokwisha katwakatwa na kulainishwa, na kwa ufinyanzi ni mali nzuri. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Lamu, ni najisi, na swali la chombo kilichokandwa nayo kisha kikachomwa ni la kuwauliza masheikh, si la mfinyanzi kujiamulia. Vyungu vya maua na matofali, sawa. Chombo cha maji ya kunywa na kutawadhia, usimtie mnunuzi mashakani.

Ya maabara

Utasoma pia kuhusu mbao zinazogeuzwa kauri moja kwa moja, na wengine wanauliza kama tunaweza kufanya hivyo hapa. Mbao inachomwa bila hewa iwe makaa, kisha silikoni iliyoyeyuka inapenyezwa ndani na kuungana na kaboni. Unapata kauri ngumu sana yenye mishipa ileile ya mti. Silikoni inayeyuka kwenye nyuzi 1414, na kazi yenyewe inataka tanuri isiyoingiza hewa. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, na wa Seville, Uhispania, wameifanya kwa miaka mingi, na Faenza, Italia, walifika hadi kugeuza henzirani kuwa kitu kinachofanana na mfupa. Ni kazi ya kuvutia mno. Tanuri ya matofali ya Malindi haiwezi.

Moto, ambapo kila taka inajionyesha

Taka zote zinaanza kuungua nyuzi 250 hivi na sehemu kubwa imekwisha kufikia 600. Katikati ya hapo ndipo pa kwenda polepole. Mbao na magunzi yanawaka mapema na kwa ghafla, hivyo moto ukikimbizwa gesi inapasua ukuta kutoka ndani. Makumbi yana lignini nyingi, ile gundi ya asili inayoupa mmea ugumu, yanachelewa kuisha na yanataka muda zaidi. Makapi yanaungua vizuri, lakini kiunzi chake cha silika kinaweza kufungia kaboni ndani. Tanuri ipate hewa ya kutosha, kisha ndiyo upandishe hadi nyuzi 830 au 900 kwa kichujio. Ukizidi sana hapo, udongo unaanza kuyeyukiana na vitundu vinaziba. Moto wa wazi wa shambani unatosha mtungi wa bustani. Kwa kichujio, tafuta tanuri.

Kisha vunja kigae kimoja cha kila uchomaji. Shika kipande upande wa mvunjiko, juani. Ukiona ukingo mwekundu na katikati mweusi, taka haijaisha kuungua, na maji yatatoka na ladha ya moshi.  Rangi moja kutoka ngozi hadi moyo ndiyo unayoitaka.

Jinsi ya kuamua kwa udongo wako

Finyanga vigae vya ukubwa mmoja, vitatu kwa kila taka: kimoja chenye robo ya taka kwa ujazo, kimoja theluthi, kimoja nusu. Andika alama kwa msumari vikiwa vibichi, na mstari wa sentimita 10 ili upime vimesinyaa kiasi gani. Vichome vyote kwa pamoja, la sivyo utakuwa unalinganisha moto na si taka. Vikipoa pima kila kimoja kwa mizani ya jikoni, vitie kwenye maji yanayochemka kwa saa mbili tatu, viache vipoe humohumo, futa kwa kitambaa chenye unyevu na upime tena. Cha gramu 400 kikitoka na 500, kimekunywa robo ya uzito wake.

Kisha finyanga chungu kimoja kamili cha mchanganyiko ulioshinda. Kiloweke usiku kucha, kikandamize ndani ya pipa la maji hadi karibu na ukingo, na utazame ukuta wa ndani. Unyevu unaojitokeza sawasawa ni mzuri. Tone linalochuruzika mahali pamoja ni ufa au uzi uliopita chekeche, na chungu hicho kipe mtu wa bustani. Kisichochuruzika kijaze, hesabu saa moja, pima maji yaliyotoka. Chini ya lita 1, ongeza taka kidogo kwenye mkando unaofuata. Juu ya lita 3, ipunguze au chekecha kwa wavu mwembamba zaidi. Anayeuza apake fedha ya kolodi pia (chembe ndogo mno za madini ya fedha zilizoelea majini), maana inawadhoofisha bakteria waliokwama ukutani, na amwambie mnunuzi asugue chungu kwa brashi na maji safi tu, asitie sabuni.